ZEGE IPIMWE MBELE YETU

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi, mbele ya wafanya kazi wa njia, mafundi na vibarua wa Makueni na Kitui)



Halmashauri imetutaka tuseme habari ya zege, ile vijana waiitayo konkriti, na namna ipimwavyo siku ya kumwagwa. Tumesikia watu wakinong'ona pale nyuma kwamba hayo ni mambo ya mainjinia, na chama kingefaa kusema habari ya mishahara. Ndugu, habari ya zege ni habari ya mishahara. Tusikilizeni kwanza, kisha mtatuambia kama tumesema uwongo.

Reli ya zamani, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ililazwa juu ya mataruma ya chuma, na wazee wetu wengi walizeeka wakiyapiga nyundo. Reli mpya iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 ni habari nyingine. Mataruma yake ni ya zege, na mengi katika hayo yalimwagwa papa hapa Makueni, kule Kathekani karibu na Mtito Andei. Nguzo za madaraja ni zege. Kalvati za kupitishia maji ya mvua ni zege. Hata jukwaa la stesheni ya Emali au Kibwezi unaposimama kungoja gari, chini ya viatu vyako ni zege. Na wale wenzetu wa Kitui, ambao kwao hakuna reli, hushuka kwa barabara ya Mutomo na Ikutha kuja kufanya kazi huku, nao kwao wanajenga kalvati, mabwawa, shule na matangi. Pale Mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa kaunti zetu mbili, bwawa la Thwake lilianza kujengwa mwaka 2018. Ni mlima wa mawe uliopangwa kuwa na urefu wa mita 80 na nusu, na uso wake unaotazama maji umefunikwa zege. Mawe hayazuii maji. Kinachozuia maji ni lile blanketi la zege.

Basi nani anayeimwaga zege hiyo? Si injinia. Ni sisi.

Sasa tuanze na maji, kwa sababu ugomvi wote wa zege ni ugomvi wa maji.

Watu wengi hufikiri kwamba zege hukauka kama udongo wa nyumba unavyokauka juani. La, hata kidogo. Zege huganda kwa sababu saruji hunywa maji na kugeuka kuwa kitu kingine, kigumu kama jiwe. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huhitaji maji machache kuliko udhaniavyo. Lita 25 zatosha kwa zege nzuri, na katika hizo lita 25 lazima uhesabu na maji yaliyomo tayari katika mchanga uliolala nje usiku kucha. Maji yanayozidi hayapati saruji ya kuyanywa. Hukaa ndani ya zege, kisha hutoka polepole, na pale yalipokaa huacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mtu mmoja aitwaye Duff Abrams, aliyefanya kazi yake katika mji wa Chicago, alitangaza jambo hili mwaka 1918 baada ya kuvunja vipande vingi sana vya zege: nguvu ya zege hufuata kipimo cha maji kwa saruji. Ukiongeza lita 5 juu ya zile 25, yaani kopo moja kubwa tu, waweza kupoteza hata robo ya nguvu. Kopo moja, ndugu! Na ninyi mnajua kwamba saa tisa alasiri, jua la Kibwezi likiwa kali, hakuna mtu anayeongeza kopo. Huongeza ndoo.

Mbona huongeza? Hapa ndipo penye jambo la chama. Zege nzuri ni nzito. Haitaki kuteremka kutoka katika karai, haitaki kuingia katikati ya vyuma, yataka kusukumwa na kutetemeshwa, na migongo yetu yajua hivyo. Kwa kazi hiyo wahitajiwa watu wa kutosha, na mashine ya kutetemesha yenye petroli ndani yake. Kontrakta akiweka watu kumi mahali pa watu kumi na sita, na mashine yake ikiwa mbovu tangu Jumatatu, zege nzuri itamshinda. Basi mnyapara husema, "Ongeza maji." Zege hukimbia yenyewe kama uji, na kazi humalizika kabla ya jua kuzama. Maji yale yamefanya kazi ya watu sita, wala hayakudai posho. Kwa hivyo, ndugu, mnapoona ndoo ya maji inamiminwa ndani ya mchanganyo, jueni kwamba mnaona mshahara wa wenzenu sita unamwagwa humo.

Tusiwe wanafiki. Miongoni mwetu wako wanaoipenda ile ndoo, maana wilbaro huwa nyepesi na siku huwa fupi. Hatuwalaumu watu waliochoka. Lakini dawa ya kuchoka ni watu zaidi na mashine nzima. Tena siku hizi iko dawa ya maji inayotiwa kidogo tu ndani ya zege, ikailainisha bila ya kuongeza maji. Kontrakta mkubwa aijua vizuri sana. Akisema haijui, ni bei yake asiyotaka kuijua.

Sasa namna ya kupima. Kipimo cha kwanza kinafanywa pale pale kazini, chataka dakika chache tu, na mtu ye yote aliyemaliza shule ya misheni kama sisi aweza kukifanya.

Kuna kifaa cha chuma mfano wa ndoo isiyo na kitako, iliyopinduliwa. Mafundi hukiita koni. Urefu wake ni milimita 300, mdomo wa chini ni milimita 200 na wa juu milimita 100. Huwekwa juu ya bamba la chuma lililo sawa, lililopanguswa kwa kitambaa chenye maji, na mtu mmoja hukanyaga masikio yake mawili ili kisitingishike. Zege hutiwa kwa mara tatu, theluthi baada ya theluthi, na kila mara hupigwa mapigo 25 kwa fimbo ya chuma yenye ncha ya mviringo. Kisha juu hukwanguliwa sawa, na koni huinuliwa polepole, moja kwa moja kwenda juu, bila kuizungusha. Zege iliyobaki itashuka kidogo. Koni husimamishwa kando yake, fimbo hulazwa juu ya koni, na kwa rula unapima kutoka fimboni hadi kichwani pa zege. Hapo umepata kipimo chako.

Kama injinia ameandika milimita 75, na wewe umepata 70 au 80, endelea na kazi. Ukipata 150, mtu ametia maji. Zege ikianguka yote chini kama kinyesi cha ng'ombe, mtusamehe neno hilo, haina haja ya rula. Na kama upande mmoja umemeguka ukateleza, rudia mara moja kwa zege nyingine ya mchanganyo ule ule. Ikimeguka tena, mchanganyo wenyewe haushikani, aitwe msimamizi.

Jambo la kuangalia ni hili: zege ya kupimia ichukuliwe wapi, na lini. Tumeona koni ikipimwa asubuhi saa mbili, mbele ya injinia aliyevaa helmeti nyeupe, ikatoka vizuri kabisa. Injinia akapanda gari lake akaenda zake. Saa nane mchana koni ilikuwa imelala ndani ya stoo, na ndoo ilikuwa mikononi mwa mnyapara. Kipimo cha asubuhi hakiwezi kuishuhudia zege ya alasiri. Lori la zege likija, lipimwe. Mashine ya kuchanganyia ikibadilishiwa mchanga, ipimwe. Ye yote akiongeza maji kwa sababu yo yote, ipimwe tena kabla haijamwagwa.

Kipimo cha pili ni kyubu. Hicho ni kisanduku cha chuma chenye milimita 150 kila upande, kinachojazwa zege ile ile inayomwagwa, kwa tabaka tatu zinazopigwa vizuri. Hufunikwa gunia bichi, na kesho yake kyubu hutolewa, huandikwa tarehe na mahali ilipotoka, kisha hutumbukizwa ndani ya maji. Baada ya siku 7 nyingine huvunjwa kwa mashine ya kugandamiza, ili watu wapate habari mapema, maana siku hiyo zege huwa imefikia kama theluthi mbili ya nguvu yake. Nyingine hungoja hadi siku 28, na hiyo ndiyo hukumu.

Tufanye hesabu kidogo. Zege iliyoandikwa 25 katika michoro maana yake ni kwamba kila milimita mraba yapaswa kubeba nyutoni 25. Uso wa kyubu una milimita mraba 22,500. Zidisheni, mtapata nyutoni 562,500, nazo ni kama uzito wa tani 57. Reli mpya ilipangwa kwa ekseli za tani 25. Basi kijiwe kile cha mraba, ambacho mtoto aweza kukikalia, lazima kibebe ekseli mbili za gari la mizigo na zaidi kabla ya kupasuka. Tulipoihesabu mara ya kwanza tuliirudia kwa sababu hatukuamini.

Lakini kyubu nayo ina hila zake, na hapa tutawasimulia jambo.

Miaka kadhaa iliyopita, genge letu la watu kumi na wawili liliazimwa kwa kontrakta fulani, ambaye hatumtaji, kusaidia ujenzi wa kalvati. Kila siku ya kumwaga, karani wa kontrakta alikuwa na wilbaro yake ya pekee. Saruji yake ilitiwa kwa koleo la ukarimu, maji kwa kikombe. Kyubu zilijazwa kutoka wilbaro hiyo, na ukuta ukajazwa kutoka mashine yenye uji. Mzee mmoja wa genge letu alimwambia karani mbele ya watu, "Kijana, unampima ndama mnono ili umuuze ng'ombe aliyekonda." Karani akacheka. Sisi tukamwendea mnyapara tukamwambia, naye akasema tushike sepeto zetu. Kyubu zikaenda Nairobi, zikarudi na karatasi nzuri. Mvua za Novemba zilipokuja, pembe za ukuta zilikwanguka kwa msumari, na ndani mlikuwa na mashimo kama masega ya nyuki. Wakaja wakubwa. Karatasi za kyubu zikawekwa mezani: zege ni nzuri, haya yasomeni. Basi kosa likawa la nani? Likawa la waliomwaga. Vibarua watatu, wenye watoto shuleni, waliandikiwa kwamba walifanya kazi kwa uzembe, wakafukuzwa bila ya hata nauli ya kurudi Kitui. Wao walikuwa na maneno ya mdomo, kontrakta alikuwa na karatasi. Ninyi mwajua karatasi na mdomo zikishindana ni kipi kinachoshinda.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba kipimo ni shahidi wa mfanya kazi kabla ya kuwa shahidi wa injinia. Kikifanywa mbele yetu, na kitabu kikitiwa sahihi na mtu wetu, hakuna atakayeweza kusema baadaye kwamba genge liliharibu. Kisipofanywa mbele yetu, chaweza kugeuzwa kuwa fimbo ya kutupigia.

Tena kyubu hata ikiwa ya kweli, husema habari ya zege ilivyotoka katika mashine tu. Haisemi habari ya ukuta. Kyubu hulala ndani ya pipa la maji siku 28 kama kiboko. Ukuta wenyewe umesimama juani Makindu au Mutomo, upepo unaupiga, na hakuna anayeunywesha. Zege inayokauka mapema huacha kukua. Uso wake hupasuka nyufa nyembamba, chumvi na hewa huingia, na vyuma huanza kuliwa ndani kwa ndani. Yataka zege inyweshwe siku 7 bila kukosa, na katika joto letu zaidi ya hapo ni bora.

Sasa, ndugu wa Nairobi wanaoandika vitabu vya kazi huandika neno hilo kwa urahisi, "inyweshwe maji siku 7," kama kwamba kila mahali kuna bomba. Sisi twajua mama zetu wanatembea saa ngapi kwenda kuchimba kisima ndani ya mchanga wa Tiva au Thua wakati wa kiangazi. Tumeona wanawake wakisimama na mitungi yao wakilitazama lori la kontrakta likivuta maji ya kisima chao, kwenda kuyamwaga juu ya ukuta. Waliuliza, je, ukuta una kiu kuliko watoto? Hatukuwa na jibu la kuwapa, na kwa kweli haikuwa kazi yetu kulijibu. Maji ya kazi ni mali ya kuhesabiwa katika bei ya kazi. Kontrakta alipoandika bei yake, aliandika na gari la maji. Ayalete kutoka mbali, kama alivyolipwa kuyaleta. Na sisi tuyatumie kwa akili: magunia mabichi yaliyofunikwa nailoni hushika maji siku nzima, na kunyunyiza jioni na alfajiri kuna faida kuliko kumwaga saa sita mchana maji yakapaa juu. Kumwaga zege nako kuanze alfajiri, kabla mawe na vyuma havijawa moto. Hilo lataka saa za kazi zibadilishwe na malipo ya alfajiri yajulikane, nalo tumelipeleka kwa Karani.

Juu ya maji liko neno moja zaidi. Visima vingi vilivyochimbwa kwa mashine katika Kitui na Makueni hutoa maji ya chumvi. Ng'ombe huyanywa kwa kukunja uso. Maji hayo yasitiwe katika zege yenye vyuma, maana chumvi ni adui wa chuma. Kanuni ni nyepesi: maji yasiyofaa kunywewa na mtu, usiyape zege mpaka yapimwe.

Na mchanga. Hapo twajivuna kidogo, kwa sababu mchanga wa mito yetu hutafutwa na wajenzi wa mbali, hata watu wameuana kwa ajili yake, na Kaunti ya Makueni ikatunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Lakini mchanga wa mto si mzuri wote. Ule wa kingoni huja na udongo, na udongo huzuia saruji isilishike jiwe. Chukua chupa nyeupe ya kuonea. Tia mchanga hadi sentimita 10, tia maji yenye chumvi kidogo yapite juu yake, tikisa kwa nguvu, kisha iache imetulia saa tatu. Mchanga utakaa chini, udongo utalala juu yake kama malai juu ya maziwa. Udongo ukizidi milimita 8, mchanga huo uoshwe au ukataliwe. (Chumvi hii ni ya chupa tu. Asiende mtu kuitia katika mashine akasema alisikia kwenye mkutano.)

Kipimo hicho cha chupa twakipenda kuliko vyote, kwa sababu hakitaki kontrakta wala maabara. Kitawafaa nyumbani. Ninyi mnaotoka Kitui mwajua mabwawa ya mchanga, ukuta unaokatiza mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake na maji yakajificha ndani ya mchanga jua lisiyapate. Shirika la SASOL limevisaidia vikundi vya Kitui kujenga mamia ya kuta hizo tangu miaka ya 1990. Kina mama huja kwa mwethya, wakabeba mawe kichwani majuma na majuma bila malipo. Mafuriko ya usiku mmoja yakikuta chokaa yenye udongo, jasho lile lote huenda Bahari ya Hindi. Kwa kazi kama hiyo, nani atakayeleta mashine ya kuvunja kyubu kutoka Nairobi? Lakini chupa iko katika kila duka.

Saruji yenyewe tuitaje upesi. Soma namba ya mfuko. 42.5 ni yenye nguvu kuliko 32.5, na kama michoro yataka ya kwanza usikubali kupewa ya pili kwa kuambiwa ni sawa. Mfuko ulionyeshewa ukawa na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, huo umekwisha kufa.

Wengine watauliza, je, tukisema hatutafukuzwa? Ni swali la haki. Tunayo sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007. Yasema kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali pale hatari ingalipo. Yasema tena kwamba mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na ndani yake wamo wafanya kazi. Zege mbichi iliyo juu ya vichwa vya watu, ikishikwa na mbao tu, ni jambo la kamati hiyo. Tarehe 26 Juni 2017 daraja la Sigiri kule Busia liliporomoka likiwa bado linajengwa, na waliojeruhiwa walikuwa wafanya kazi. Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016, nyumba ya ghorofa sita ilianguka usiku wa mvua, wakafa watu zaidi ya 45, nao walikuwa wapangaji, watu wa mishahara kama sisi. Daraja likianguka, aliye juu yake na aliye chini yake ni watu wetu.

Basi halmashauri imekubali mambo haya yapelekwe kwa waajiri, nasi twayataka yaungwe mkono leo kwa kuinua mikono. Kila siku ya kumwaga zege, genge lichague mtu wake mmoja wa kusimama kwenye koni na kuitia sahihi yake katika kitabu, bila kukatwa saa zake. Kyubu zijazwe kutoka zege inayokwenda ukutani, kwa kuchaguliwa na mtu huyo na karani pamoja, na alama ya kyubu iandikwe mbele ya wote wawili. Zisafirishwe zikiwa zimefungwa magunia mabichi, si kurushwa nyuma ya lori hadi Nairobi. Matokeo ya siku 7 na ya siku 28 yabandikwe ubaoni, penye orodha ya kazi, kwa lugha tunayoisoma. Na idadi ya watu wa kumwaga ikubaliwe kabla ya mashine kuwashwa. Hili la mwisho ndilo watakaloligombania sana. Wakitupa yale mengine yote wakatunyima hili, ndoo itarudi.

Karani amepata koni moja, bamba na fimbo. Vimeazimwa kwa majuma mawili tu. Mazoezi yatakuwa Jumamosi saa moja asubuhi nyuma ya ghala la mizigo, na saruji mifuko miwili imekwisha kununuliwa kwa fedha za tawi. Kila genge lilete watu wawili, mmoja wao awe kijana. Na kila mtu aje na chupa nyeupe, pamoja na mchanga wa mto wa kwao, tuone wa Kaiti na wa Nzeeu ni upi ulio safi, maana ubishi huo umetuchosha.